Niliposema Chumvi Imekaa Sawa

Ndugu zangu wapendwa, Bwana na asifiwe saa hii na saa yoyote mtakayoisoma karatasi hii! Mchungaji wetu aliniomba nisimame mbele nitoe ushuhuda wangu, nikasimama. Lakini sauti yangu ni ndogo na feni za ukumbi zina kelele, na waliokaa nyuma waliniambia baadaye kwamba walisikia neno "samaki" na neno "hospitali", na hawakuelewa yanahusianaje. Ndiyo maana nimeandika. Nitaandika polepole, kama ninavyopika, na sitaongeza jambo ambalo halikutokea.

Naitwa Ruth. Mimi ni mpishi. Kwetu ni Machakos, na umri wangu unakaribia sitini. Kabla ya kuja Muscat nilisoma masomo ya Biblia kwa miaka miwili katika kanisa letu la nyumbani, nikafundisha watoto, kisha nikafundisha kina mama. Hapa nimefanya kazi miaka kumi na minne katika nyumba moja tu, Wattaya, nyuma ya maduka yanayouza magari. Mwenye nyumba ni Bi Zuwena, mwalimu mstaafu na mjane. Anaishi na mama yake mzazi, ambaye sote tunamwita Bibi. Bibi ana zaidi ya miaka themanini, alizaliwa Unguja, na Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Wa mwisho katika nyumba hiyo wengi wenu mnamfahamu. Ni Sheila wa Nakuru, ambaye husafisha nyumba na kumhudumia Bibi. Sheila ana watoto wawili wanaolelewa na mama yake.

Kwetu Ukambani hatuna majira ya kuchipua. Tuna mvua na tuna ukame, na kati ya hayo tuna kungoja. Majira ya kuchipua nilikuwa nimeyasoma katika Biblia tu, hadi nilipofika hapa. Mwezi wa pili ukifika, tunazima viyoyozi na kufungua madirisha. Manispaa hupanda maua ya kila rangi kando ya barabara. Uani kwetu kuna mndimu mmoja, na wiki hizo huchanua maua madogo meupe ambayo harufu yake huingia hadi jikoni na kukaa kwenye mapazia. Haidumu. Baada ya wiki chache joto hurudi, na madirisha hufungwa hadi mwisho wa mwaka.

Nilipokuwa nikifundisha habari za wana wa Israeli kutoka Misri, niliwaambia kina mama kwamba walitoka katika mwezi wa masuke mabichi, yaani majira kama haya, na kwamba Mungu aliwaamuru wapike. Wachome mwanakondoo, wale mkate usio na chachu, wale na mboga chungu. Kabla hawajapewa sheria yoyote ya kuandikwa kwenye mawe, walipewa chakula cha jioni moja. Jambo hilo lilinipendeza sana kama mpishi. Nilijiona kama mtu ambaye kazi yake Mungu anaielewa.

Niseme wazi kwamba nilikuwa na kiburi. Hakikuwa kiburi cha kelele. Kilikuwa kiburi cha ulimi wangu. Ningeweza kuonja mchuzi na kukwambia kitunguu kiliungua kidogo kabla ya nyanya kutiwa. Kina mama wa ushirika walikuwa wakinipigia simu waniulize habari za pilau. Nilijibu kwa unyenyekevu, lakini moyoni nilihesabu simu hizo.

Sasa sikilizeni desturi ya nyumba yetu, maana mambo yote yalianzia hapo. Bi Zuwena ni Mwislamu mwenye kushika dini yake. Mwezi wa Ramadhani anafunga, na hapendi kuonja chakula akiwa amefunga. Wako wanaosema mpishi anaweza kugusisha ncha ya ulimi kisha ateme, naye anajua hivyo, lakini mwenyewe hataki. Kwa hiyo, miaka kumi na minne yote, mimi Mkristo ndiye niliyeonja futari ya nyumba ile. Kila siku saa kumi alasiri, baada ya kuswali, Bi Zuwena huingia jikoni, husimama karibu na dirisha, na kusema maneno yaleyale: "Ruthi, onja." Nami huonja shurba, ile supu ya nafaka, huonja maharage ya nazi, huonja muhogo, huonja kila sufuria, na yeye hunitazama usoni. Nikisema imekaa sawa, anatoka. Hakuwahi kuuliza mara mbili.

Mwisho nilikuwa naonja sufuria ndogo. Hiyo ni ya Bibi. Bibi ana presha na moyo wake umechoka, na daktari alimkataza chumvi. Alimkataza pia kufunga, lakini yeye husubiri adhana ale pamoja na wengine, na ukimwuliza mchana kama amekula, atakwambia, "Nimefunga nusu." Sufuria yake haina chumvi, ina ndimu na nazi na tangawizi. Kila mwaka ananitania kwa ajili yake.

"Ruthi, hiki leo umekipika au umekiosha?"

"Nimekipika, Bibi."

"Basi sufuria imekula chumvi yangu. Kaiulize."

Kitu kimoja tu Bi Zuwena alimruhusu, tena mara mbili kwa wiki, kipande kidogo. Ni nyama ya papa iliyokaushwa kwa chumvi, kama wanavyoila Unguja na kama wanavyoila hapa. Nyama hiyo ina chumvi kali sana. Unailoweka, unamwaga maji, unailoweka tena, unaichemsha, unamwaga, unachuja, kisha unatafuna kipande kuona kama chumvi imetoka. Haina kipimo cha kijiko wala cha saa, kwa kuwa kila kipande kimekaushwa kivyake. Ulimi ndio unaojua.

Mwaka huu, ndugu zangu, Ramadhani na Kwaresima yetu zilianza karibu pamoja. Kabla ya hapo mafua makali yaliingia nyumbani. Sote tukakohoa, sote tukapona. Mimi nilipona kifua, lakini asubuhi moja nilifungua dirisha la jikoni, nikaona mndimu umejaa maua, na sikusikia harufu yoyote. Nilitoka uani, nikavuta tawi hadi puani. Hakuna. Nikarudi ndani nikanusa iliki, nikanusa ubani ambao Bi Zuwena huufukiza kila asubuhi. Hakuna. Nikalamba chumvi. Ilikuwa kama kulamba mchanga.

Nilijiambia itarudi kesho.

Haikurudi. Siku ya pili ya Ramadhani ilikuwa Ijumaa. Asubuhi nilikuwa ibadani pamoja nanyi Ruwi, niliimba, nilipokea baraka. Saa kumi Bi Zuwena akaingia jikoni.

"Ruthi, onja."

Nilichota shurba nikaitia mdomoni. Ilikuwa maji ya moto yenye nafaka. Alikuwa ananitazama. Nikasema, "Chumvi imekaa sawa, Bi."

Akatoka.

Mtaniuliza, kwa nini sikusema? Nimejiuliza sana, na jibu si zuri. Mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha. Mpishi asiye na ulimi ni wa nini? Na kwa umri wangu, nyumba gani nyingine ingenichukua? Niliogopa. Lakini chini ya woga kulikuwa na kile kiburi. Sikutaka kuwa mwanamke aliyekuwa anajua kupika.

Kwa hiyo nilipika kwa kumbukumbu. Mikono ilikuwa inajua: kijiko hiki cha chumvi kwa sufuria ile, nazi kiasi hiki. Ilifaulu! Siku ya tatu ikapita, na ya nne. Watu walikula na kushukuru. Kila alasiri nilitia kijiko mdomoni, nikangoja kidogo kama mtu anayefikiri, nikasema imekaa sawa. Nilikuwa nikiigiza mbele ya mwanamke aliyefunga kwa ajili ya Mungu, nami mwenyewe nikiwa katika Kwaresima, nimeacha nyama na sukari. Niliacha nyama na sukari, sikuacha uongo.

Kisha ikaja siku ya papa. Niliiloweka kama kawaida, nikamwaga maji kama kawaida, nikatafuna kipande. Sikusikia chumvi. Bila shaka sikusikia, maana nisingesikia hata ningekuwa na kilo nzima mdomoni! Nikaipika kwa nazi, Sheila akampelekea Bibi. Sheila alirudi akicheka.

"Mama, Bibi anakuita. Leo amelamba sahani."

Nilikwenda. Bibi alinishika mkono.

"Leo umepika, mwanangu. Leo umepika khasa. Kesho nifanyie tena."

"Bibi, ni mara mbili tu kwa wiki."

"Mie na wiki tuna ugomvi gani? Nifanyie kidogo tu. Zuwena asijue."

Ndugu zangu, hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Mwanamke ambaye kwa miaka mingi amenitania kwa chakula kisicho na chumvi, ghafla anakisifu. Mpishi yeyote angeshtuka. Mimi sikushtuka. Niliingia chumbani kwangu, nikapiga magoti, nikamshukuru Mungu! Nilisema, Bwana, umeona unyonge wangu, umeifanya mikono yangu kuwa ulimi, umenifunika. Niliuchukua uongo wangu nikautia ndani ya sala, na kwa kuwa hakuna radi iliyopiga, nikadhani umekubaliwa. Nilisoma Biblia miaka miwili mbele ya walimu, na sikujua kwamba mtu anaweza kumshukuru Mungu kwa jambo ambalo Mungu hakulifanya.

Kuanzia hapo nilimpikia papa karibu kila siku. Sikumwambia Bi Zuwena.

Katika wiki ya tatu, miguu ya Bibi ilianza kuvimba. Jumanne asubuhi alishindwa kuvuta pumzi vizuri, na Bi Zuwena akampeleka hospitali. Alilazwa. Bi Zuwena alirudi mchana, uso umekauka. Akatuita sote wawili jikoni.

"Daktari anasema mama amekula chumvi nyingi, tena si ya siku moja. Nani anayempa mama chumvi?"

Akanigeukia mimi kwanza.

"Ruthi, papa ilitoka chumvi?"

"Niliionja, Bi."

Niliandika kwamba sitaongeza kitu, na sitapunguza pia. Nilisema hivyo. Neno hilo lilikuwa kweli na lilikuwa uongo, na nililichagua kwa sababu hiyo. Niliitia mdomoni, ndiyo. Bi Zuwena akageuka akamtazama Sheila. Mwaka jana Sheila alikutwa akimpa Bibi achari ya ndimu yenye chumvi, kwa sababu Bibi alimwomba na Sheila ana huruma. Alionywa, akaahidi, na kwa kadiri nijuavyo hakurudia.

"Sheila, si nilikwambia?"

"Madam, sijampa kitu. Wallahi."

"Usiape kwa kiapo cha watu."

"Madam, mimi hubeba tu sahani. Kile Mama Ruth ameweka ndicho napeleka."

"Na Ruthi kaonja," alisema Bi Zuwena. Kwake lilikuwa limekwisha. Miaka kumi na minne ya neno langu ilikuwa imesimama upande mmoja, na upande wa pili alikuwa mwanamke mwenye miaka mitatu katika nyumba na kosa moja la achari. Jumatano Sheila aliambiwa kwamba Jumapili atarudishwa kwao. Watoto wake walikuwa wameanza tu muhula. Alivuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda, akalifungua sakafuni, na likakaa wazi hapo. Kila nilipopita mlangoni niliona nguo zinaongezeka.

Nami nilinyamaza. Jumanne, Jumatano, Alhamisi asubuhi. Niliomba, ndiyo! Niliomba Bibi apone. Niliomba Bi Zuwena abadili moyo. Niliomba Sheila apate nyumba nyingine nzuri. Niliomba mambo yote ambayo Mungu angeweza kuyafanya bila mimi kufungua mdomo.

Alhamisi mchana, Sheila alinipikia. Kwa kawaida mwezi huo sisi wawili hula saa saba chumbani, mlango umefungwa, ili tusiwasumbue waliofunga kwa harufu. Alikuwa amenunua sukuma wiki Ruwi, akasonga ugali. Aliweka sahani yangu mbele yangu na yake mbele yake. Nikabariki chakula. Nikamega, nikala. Yeye hakula. Nilikula nusu ya sahani.

"Iko aje, Mama?"

"Tamu sana, mwanangu. Asante."

Alinitazama kwa muda. Kisha akanyoosha mkono, akachukua sukuma kidogo kutoka sahani yangu, akaitia mdomoni na kuitema mkononi palepale.

"Mama, hiyo nimetia vijiko vitatu vya chumvi. Vya supu. Hiyo hata mbuzi hawezi kula."

Nilikuwa bado nimeshika tonge.

"Nilikuwa nakuangalia tangu juzi," akasema. "Ulikunywa chai ile maziwa yake yalikuwa yameharibika, ukasema asante. Nikajiuliza huyu Mama ana nini. Tangu lini?"

"Tangu mafua."

"Na papa?"

"Sheila..."

"Na ukanyamaza. Ukaona sanduku langu hapo, ukapita."

Nilidhani atasimama aende kwa Bi Zuwena. Nilimwambia, "Nenda ukamwambie." Hata hapo, ndugu zangu, nilitaka mtu mwingine aseme!

Sheila alitikisa kichwa. "Mimi nikienda, nitaonekana natapatapa. Atasema ninamsingizia mzee wa kanisa ndio nibaki. Sitaenda. Sema wewe. Au usiseme, Jumapili nitaondoka. Lakini Mama, usiniombee tena. Nilikusikia jana ukiniombea. Wacha."

Akachukua sahani zote mbili akatoka.

Ijumaa nilikuja kanisani. Mtakumbuka kwamba siku hiyo ilikuwa zamu yangu kuongoza sala ya toba, kama tunavyofanya kila Ijumaa ya Kwaresima. Nilisimama na karatasi yangu. Nilikuwa nimeiandika vizuri, yenye maneno ya manabii. Nikaona safu ya mbele, nikaona nafasi ambayo Sheila huketi, haikuwa na mtu. Mdomo haukufunguka. Si kwamba nilitetemeka au nililia. Nilielewa tu, kama mtu anavyoelewa kwamba mlango umefungwa, kwamba siwezi kuongoza watu kwenda mahali ambapo mimi mwenyewe nimekataa kwenda.

Dada mmoja wa kwaya alinisogelea. "Mama, unaumwa?"

Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Siumwi. Ninadanganya."

Alinitazama, akaichukua karatasi mkononi mwangu. "Basi nenda umalize. Sisi tutaomba hapa."

Hakuuliza ni uongo gani. Mungu ambariki dada huyo! Nilitoka katikati ya ibada, nikaenda kituo cha basi. Nilingoja basi la Wattaya nikiwa nimetulia kuliko nilivyokuwa kwa wiki tatu. Nilikuwa nimefundisha mara nyingi kwamba toba si machozi, toba ni kugeuka na kutembea. Siku hiyo niliona kwamba ni kweli. Sikuwa na machozi yoyote. Nilikuwa na nauli tu.

Bi Zuwena alikuwa hospitali, kwa hiyo nilipika kama kawaida nikamngoja. Saa kumi aliingia jikoni, akasimama karibu na dirisha.

"Ruthi, onja."

"Bi, siwezi kuonja. Sina ulimi."

Alidhani ni utani. "Una nini?"

"Tangu mafua sisikii ladha wala harufu. Kila siku uliyoniambia nionje nilikudanganya. Papa ya Bibi haikutoka chumvi. Mimi ndiye niliyempa, tena karibu kila siku, kwa siri. Sheila hana kosa."

Sauti ya feni ya jiko ilikuwa kubwa sana.

"Siku ngapi?"

"Wiki tatu leo, Bi."

"Wiki tatu," alisema. "Mama yangu yuko kule na mpira wa hewa puani, na wewe unanipikia wiki tatu gizani." Aliketi kwenye kiti cha jikoni, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. "Ungenambia tu, Ruthi. Ungenambia siku ya kwanza, ningekwambia pika, tutamwonjesha Sheila. Basi. Hivyo tu."

Hivyo tu! Nimeyafikiria maneno hayo kila siku tangu hapo. Kitu nilichokiogopa wiki tatu kilikuwa na jibu la sentensi moja.

Hakunifukuza wala hakunisamehe. Alisimama, akaenda hadi kwenye mlango wa chumba chetu. Nilimsikia akisema, "Sheila, nimekukosea. Nilikuhukumu bila kukusikiliza. Naomba unisamehe. Hutoondoka." Sheila akasema, "Asante, Madam." Baadaye nikasikia nguo zinarudishwa kabatini.

Jioni hiyo, baada ya futari, Bi Zuwena alinipeleka hospitali. "Utamwambia mwenyewe," alisema ndani ya gari, na hakusema kingine. Bibi alikuwa ameinuliwa kwenye mito. Nilisimama karibu na kitanda nikamwambia yote, kama nilivyowaambia ninyi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaanza kucheka, na mashine iliyokuwa karibu naye ikaanza kulia, na muuguzi akaja mbio.

"Mwacheni," Bi Zuwena alisema. "Mama, unacheka nini?"

"Nnacheka kwa kuwa mie nlijua! Tonge la kwanza nlijua. Papa ilikuwa na chumvi kama bahari nzima imehamia sahanini. Nkasema, Ruthi kakosea, lakini nikisema, haitorudi. Nkanyamaza. Nkasema Alhamdulillahi, Mungu kanionea huruma uzeeni." Alivuta pumzi. "Kumbe na yeye anashukuru kwake, na mie nashukuru kwangu, na Mungu hayumo."

Bi Zuwena alifunika uso kwa mkono. Sijui kama alikuwa akicheka au la. Bibi akanigusa. "Mimi nimekusamehe, Ruthi. Na wewe nisamehe, kwani nilikutumia. Lakini kamtazame yule msichana. Sisi tulikuwa tunakula, yeye ndiye aliyekuwa analipa."

Nilimwendea Sheila siku iliyofuata. Sikujitetea, sikutaja woga wangu wala umri wangu. Nilimwambia nilimwacha ahukumiwe nikiwa na neno la kumwokoa mdomoni. Alikuwa akipiga pasi. Hakuacha kupiga pasi.

"Nimesikia, Mama. Nitakusamehe. Lakini usiniambie leo tuombe pamoja. Nipe siku kidogo."

Nilimpa. Siku ya nne alibisha mlango wa jikoni akaniuliza tangawizi inatiwa kabla ya nazi au baada. Nikamwambia kabla. Akachukua kijiko akaonja, akaniambia bado kidogo. Tangu hapo yeye ndiye anayeonja, nami ninapika. Saa kumi Bi Zuwena huingia na kusema, "Sheila, onja," nami husimama pembeni nikingoja hukumu kama mpishi mwingine yeyote.

Bibi amerudi nyumbani, amepungua, na papa hapewi tena. Ulimi wangu umerudi nusu. Ndimu naisikia, na uchungu wa kahawa. Chumvi bado. Nimesikia watu wakisema niseme hapa kwamba nimepona kabisa, ushuhuda upate nguvu. Sitasema, kwa sababu si kweli, nami nimemaliza na mambo hayo.

Baada ya Idi, Bi Zuwena aliniita sebuleni. Aliniambia kwamba mkataba ukiisha mwezi wa saba hatauongeza. "Sikuchukii, Ruthi. Nimekusamehe. Lakini miaka yote hii nilikuwa nakuuliza bila kufikiri, na sasa nafikiri. Siwezi kuishi hivyo jikoni mwangu." Nilimwambia ninaelewa, na nilielewa kweli. Kuna vitu vinavyosamehewa ambavyo havirudi mahali pake. Nitarudi Machakos. Sina uchungu. Nimelala vizuri kila usiku tangu Ijumaa ile, na kabla yake sikumbuki usingizi kama huo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, namshukuru Bwana Yesu. Simshukuru kwa kunifunika, maana hakunifunika. Namshukuru kwa kunifunua mapema, Bibi akiwa bado hai na Sheila akiwa bado hapa. Huo ndio wokovu wangu, na sitaki mwingine. Namshukuru kwa mwanamke aliyenitilia vijiko vitatu vya chumvi akayakataa maombi yangu. Namshukuru kwa majira haya mafupi ambayo madirisha yako wazi.

Na wewe unayesoma, iwe uko Ruwi au Darsait au kokote, kama kuna jambo unaliombea huku umelifunga mdomoni, mwamini Mungu kiasi cha kulisema. Hatakuangusha. Huenda ukapoteza kazi, huenda ukapoteza jina. Utapata pumzi. Lakini usingoje wiki tatu kama mimi. Amka uende kwa mtu uliyemkosea, leo, kabla hajafunga sanduku lake. Amina!